Meneja Aliyeniomba Msamaha

Katika miaka tisa niliyofanya kazi chini yake, Meneja aliniomba msamaha mara tatu. Mara mbili alikuwa amenikosea kweli. Mara ya tatu mwenye kosa nilikuwa mimi, yeye hakujua, nami nikamsamehe. Nilimsamehe kwa sauti ya upole, nikampa mikono yote miwili, kisha nikaenda nyumbani nikala vizuri. Ndiyo sababu naandika habari zake, na sitaki msomaji adhani naandika kwa kuwa mimi ni mtu mwema.

Kiwanda chetu cha kahawa kilikuwa kwenye mteremko chini ya Kianjokoma, pale mto ulipo karibu, na barabara huwa tope nusu ya mwaka. Yeye alikuwa meneja, mimi karani. Jina lake hatukulitumia. Hata mkewe akija kiwandani alimwita Meneja, ila yeye alilitamka kama mtu anayemtania shemeji yake.

Ofisini mlikuwa na meza moja ya maana, iliyokuwa dirishani. Siku nilipoanza kazi alikusanya karatasi zake, akanionyesha kiti. "Kaa hapa. Wewe ndiye wa kuandika, unahitaji mwanga." Yeye akahamia kwenye kigoda kando ya mizani, na hapo ndipo alipokaa miaka yote tisa, na gumbuti zake na sweta lililotoboka viwiko. Mtu mwingine angeona aibu kupewa meza ya mkubwa wake. Mimi niliona ni haki yangu, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Mwezi haujaisha nilikuwa nimeanza kuwaambia wakulima "nyinyi watu".

Aliwahi kuja mgeni kutoka Nairobi kukagua kahawa, amevaa tai. Akamkuta Meneja mlangoni, akampa mkoba wake aubebe na kumwambia akamwite meneja. Meneja akaubeba mkoba, akauweka mezani kwangu, akavuta kiti kwa ajili ya mgeni, halafu akasema, "Ameshakuja." Yule bwana alitafuta pa kuuficha uso. Mimi nilikasirika kuliko wote, na mgeni alipoondoka nilimwambia ametuaibisha kiwanda kizima. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mkoba wenyewe haukuwa mzito," akasema.

Lakini mkewe alimjua zaidi. Nilipomsimulia kisa hicho alicheka mpaka akaketi. "Huyo? Huyo anajivunia unyenyekevu kama mwingine anavyojivunia ng'ombe. Usidanganyike, Karani. Nyumbani akiosha kikombe ni lazima nijue ameosha kikombe."

Na si kwamba alimwonea. Mtu ambaye hajawahi kupeleka kahawa kiwandani huenda hajui kwamba tunda halipimwi kabla ya kuchambuliwa. Mkulima humwaga mzigo wake juu ya gunia uwanjani, akachuchumaa, akatoa moja moja zilizo kijani na zilizokauka, mpaka zibaki nyekundu tupu. Wengi walioifanya kazi hiyo ni akina mama na nyanya, na Meneja alichuchumaa nao. Alikuwa na vidole vyepesi, akichambua huku akiulizia ng'ombe aliyezaa na mtoto aliyefaulu. Basi mkewe akaleta magunia mawili ya kahawa iliyochumwa jana yake, imelala, imeanza kupoteza rangi. Meneja akaikataa mbele ya watu wote. "Hii irudi nyumbani, mama. Sheria ni moja." Wale akina mama wakanong'onezana kwamba, kumbe, huyu ni mtu wa haki! Mkewe akaubeba mzigo wake na kupanda nao kilima, na Meneja akala viazi vya kuchoma siku mbili, alivyojichomea mwenyewe.

Siku ya tatu mkewe aliporudi na kahawa mbichi, Meneja aliinuka uwanjani akavua kofia. "Mama Wawira, nimekuja nuruni kwako mbele ya hawa. Kahawa ile ilistahili kukataliwa. Lakini nilipoikataa nilifurahi jinsi watu wanavyonitazama. Nilitumia aibu yako kujipamba. Nisamehe." Mama Wawira akamwaga tunda lake juu ya gunia. "Chambua," akasema, "na usiongee."

Hiyo "kuja nuruni" ndiyo iliyomtenga na mameneja wengine. Alikuwa mmoja wa wale Wakristo wa uamsho wa zamani, ambao wakimkosea mtu hawangoji Jumapili. Humwendea, wakalitaja kosa mbele yake, hata kama lilikuwa la moyoni na mwenyewe hana habari. Ni desturi nzuri, ila haikuwa rahisi kuishi nayo kazini. Unakunywa chai yako, bosi wako anakuja amesimama wima, anakwambia, "Ndugu, jana nilikudharau kwa vile unavyokula." Sasa ufanye nini? Mpimaji wetu wa mizani, mtu wa Ruiri aliyeoa huku kwetu, alipomwona anavua kofia alikuwa akiinua mkono kutoka mbali: "Meneja, tafadhali, kama ni ile dhambi ya moyoni, hiyo kaa nayo tu!" Meneja alicheka pamoja nasi, halafu akaisema.

Kwa asili hakuwa mpole. Wanaosema alizaliwa hivyo hawakumwona siku mbuzi walipopanda juu ya vitanda vya kukaushia kahawa. Mishipa ilimtoka shingoni, na Kiembu alichokizungumza hapo sikiandiki. Akihisi hasira inamzidi, aliweka mikono nyuma akavizunguka vitanda vyote, mzunguko mmoja, polepole, na sisi tukisema, "Anazunguka." Akirudi sauti ilikuwa imeshuka. Kuna msimu alizunguka mara nne kwa siku moja, na kosa la kuzunguka kwake mara tatu lilikuwa langu. Alipenda kusema, "Ukiona umeinama sana, geuka uangalie kama kuna mtu anatazama." Alilisema kwa kujicheka, na nadhani alikuwa anajikumbusha mwenyewe kuliko kutufundisha sisi.

Upungufu wake ulikuwa mbele ya kamati. Uwanjani, kwa wachambuzi na waoshaji, unyenyekevu wake ulikuwa kama chumvi, ulifanya kila kitu kiwe na ladha. Lakini kamati ya wakulima ilipokaa, watu saba wenye makoti, wengine wao wenye maneno makali, alikunja mikono akawa mdogo. Aliamini kwamba mtu aliyeokoka hashindani. Wakisema hili, ni sawa. Wakisema lile, kamati imesikia. Sisi tulimpenda, kwa hiyo hatukulitia maanani. Njeru ndiye aliyelipia.

Njeru alikuwa mwoshaji mkuu, mtu wa Mbeere, mkimya, mwenye mikono iliyojua kahawa kuliko kitabu chochote. Tunda likishamenywa huingizwa tangini lipate kuchacha, ule utelezi uachie, kisha huoshwa. Kwa baridi yetu huchukua kama siku moja na nusu. Likizidi hapo huoza, na harufu yake ni ya kitunguu kilichosahauliwa ndani ya gunia. Juu ya kila tangi palikuwa na kibao cheusi, na kazi yangu ilikuwa kuandika kwa chaki siku ambayo kahawa iliingia. Matangi yalijazwa jioni, waoshaji wakiwa wameshaenda nyumbani, kwa hiyo Njeru alisoma kibao, akajua lini afungue maji.

Na kusoma kwenyewe alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru, akiwa na watoto wanne. Alikuwa na furaha nako kama mtu aliyenunua shamba. Jumapili alisimama kanisani akasoma somo, kidole kwenye mstari, polepole, na hakuna aliyeona ni polepole mno.

Jumatatu moja ya msimu nilikuwa na haraka ya kwenda mazoezi ya kwaya. Kulikuwa na msichana wa sauti ya kwanza ambaye leo ni mke wangu. Tangi la tatu lilipojaa nilishika chaki nikaandika "Jumanne", nikaondoka nikikimbia. Jumatano asubuhi Njeru alikuja dirishani pangu, mikono inachuruzika maji.

"Karani, hii tanki ya tatu naona kama imeiva. Nimeishika na mkono, utelezi umeisha, iko na mchanga-mchanga. Si ukuje uone?"

Nilikuwa nakunywa chai. Sikuinua hata kichwa. "Njeru, si sasa unajua kusoma? Basi soma kibao."

Akaenda akasoma kibao, akatii.

Alhamisi harufu ilitufikia kabla hatujafika getini. Njeru alikuwa amekimbia kumwita Meneja. Nilisimama mbele ya tangi la tatu peke yangu, nikatazama ile "Jumanne" yenye mwandiko wangu mzuri, na nikajua. Nilikuwa na dakika moja tu, nami niliitumia. Nilifuta kwa mkono wa sweta nikaandika "Jumatatu". Meneja alipofika, kibao kilikuwa kinasema kweli.

Kahawa ya mashamba ya kigongo kizima ilimwagwa shimoni, kazi ya akina mama waliochuchumaa juani. Kamati ikaketi alasiri hiyo hiyo. Njeru akasema, "Mimi nilisoma Jumanne. Na Jumatano nilimuuliza Karani, akaniambia nisome kibao." Mwenyekiti akanigeukia. Nikasema sikumbuki. Wote wakatoka kwenda kukiangalia kibao, wakarudi. Mmoja wao akacheka. "Ngumbaru imekudanganya, mzee. Herufi zinafanana eh?" Wengine wakacheka pia. Njeru alimtazama Meneja. Nilimwona akimtazama. Meneja alikuwa amekunja mikono. "Kamati imesikia," akasema.

Walimtoa Njeru matangini wakampeleka kubeba maganda. Alibeba mwezi mmoja, kisha akahama na familia yake, wakateremka Gachoka kwa watu wa mkewe. Kabla hajaondoka alikuwa ameshaacha kusoma kanisani. Zamu yake ilipofika alisema macho yanamsumbua.

Wiki kama tatu baada ya Njeru kuhama, Meneja alikuja mezani kwangu akavua kofia. Akasema, "Karani, nimekuja nuruni. Siku ile ya tanki niliona chaki kwenye mkono wa sweta lako, nikakushuku. Nimekushuku siku zote hizi, nakusalimia huku nakushuku. Lakini karani ni mtu wa chaki. Nilikuhukumu bila ushahidi. Nakuomba unisamehe."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, alikuwa yeye na mimi tu, na hakuna mtu duniani ambaye ingekuwa rahisi kumwambia kuliko yule. Nikasema, "Nimekusamehe, Meneja." Macho yake yakalowa. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, nami nikaongeza wangu wa pili.

Msomaji, nimeiba vitu vidogo maishani, nimesema uongo wa kawaida wa watu. Hakuna kinachonichoma kama ule mkono wa pili.

Niliondoka kiwandani nikafungua duka la mbolea na mbegu mjini Embu. Nina watu wanne chini yangu. Nilidhani nitakuwa kiongozi kama yeye, maana nilikuwa nimemtazama miaka tisa, na nilijua hata namna anavyovua kofia. Lakini nilipokosea, mdomo wangu ulikataa. Mwaka juzi mkulima alirudisha dawa aliyouziwa kimakosa, akapiga kelele, nami nikamgombeza Wanjira, mama anayesimamia stoo yangu, mbele ya wateja mpaka akatoa machozi. Kisha nikaliona boksi la ile dawa. Lebo isiyo sahihi ilikuwa mwandiko wangu. Nilisimama na kalamu mkononi, na nikaona ninavyotaka kuirekebisha kabla Wanjira hajageuka.

Niliiweka kalamu chini. Nilimwambia Wanjira, mbele ya wale wateja, kwamba kosa ni langu, na maneno yalitoka yakikwaruza. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Kesho yake niliwasha pikapu nikapanda Kianjokoma.

Miaka kumi na minane ilikuwa imepita tangu siku ile ya tangi. Nilimkuta Meneja ameketi juani mbele ya nyumba, blanketi magotini, mwembamba, ila masikio yake yalikuwa mazima. Mama Wawira aliniletea chai akatuacha. Sikuinywa. Nilimwambia yote: kwaya, kibao, sweta, "sikumbuki", na ule msamaha niliompa. Nilipomaliza, kuku walikuwa wameshakuja miguuni petu.

"Nimekasirika," akasema. "Ngoja kidogo."

Akaomba fimbo yake. Akaweka mkono mmoja nyuma, akaizunguka nyumba, hatua fupi fupi, mimi nimesimama nisijue kama nimfuate. Alipotokea upande wa pili alikuwa anahema.

"Njeru anajua?"

"Hapana. Nilianza na wewe."

"Kwa nini mimi?" Sauti yake haikuwa kali, lakini haikuwa laini. "Mimi ulininyang'anya nini? Kofia yangu ilirudi kichwani siku ile ile. Karani, ulikuja kwangu kwa sababu ulijua nitakusamehe upesi."

Ilikuwa kweli.

Akashusha fimbo. "Na mimi pia. Nilikuja kwako, sikwenda kwake. Nilikuomba wewe msamaha kwa kukushuku, na Njeru, aliyenitazama usoni, sikumwomba kwa kunyamaza. Kila mwaka namtumia salamu na watu wa kanisa. Salamu! Nilifikiri kunyamaza mbele ya kamati ni unyenyekevu. Ulikuwa uoga, nikauvisha nguo ya Jumapili." Akamwita mkewe alete koti. "Gari lako linafika Gachoka?"

Mama Wawira alilalamika kwamba daktari amekataza, kwamba ni mbali, kwamba huko chini ni joto. Alilalamika huku akimfunga vifungo. Tuliteremka, tukapita mji, tukaingia nchi ya joto na vumbi jekundu. Njia nzima alisema sentensi moja tu, kwamba yeye ndiye atakayeanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa meneja.

Njeru alikuwa uani anapura ndengu kwa fimbo, kichwa cheupe chote. Alitutambua mara moja. Alisimamisha kazi, akatusalimu kwa heshima, akaleta kiti. Meneja alikataa kukaa.

"Ndugu, nikikaa nitaonekana mgeni. Mimi sijaja kama mgeni. Siku ile ya tanki ulinitazama, na mimi nilijua wewe si mtu wa kukosea kahawa. Mkono wako niliujua. Kazi yangu ilikuwa kusimama niseme hivyo, hata kama sina ushahidi. Niliogopa watu saba nikakuacha. Huyu ana lake. La kwangu ni hilo."

Nami nikasema langu. Sikulipamba. Njeru hakunitazama, alitazama ndengu.

"Ilikuwa Jumanne," akasema.

"Ilikuwa Jumanne. Niliiandika mimi, nikaifuta mimi."

"Kwa hivyo nilisoma poa."

"Ulisoma sawasawa."

Alivuta pumzi mara mbili, kifua kikapanda na kushuka. Kisha akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Mama Muriuki! Ebu toka!" Mkewe akatoka jikoni, mikono ina maji. "Kaa hapa, mama. Karani, anza tena. Na usikimbize."

Nikaanza tena. Nilipomaliza mama yule alijifunika uso na leso. "Nilimwambia aache hayo mambo ya kibao," akasema. "Nilimwambia ni macho. Hata mimi nilimwambia ni macho." Akanipa maji ya kunywa, na sijui hata leo aliwezaje kunipa.

Njeru akatuma mtoto wao mkubwa aitwe shambani. Alipofika, nikaanza mwanzo. Akamwita jirani kupitia ua, mzee wa kanisa, nikaanza mwanzo. Mara ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Mara ya nne sauti yangu ilikuwa imekaa sawa, na nilikuwa namtazama mtu ninayemwambia. Meneja alikuwa bado amesimama kando yangu, ameegemea fimbo, amekataa kile kiti mara tatu. Kila nilipofika kwenye habari za kamati alinigusa mkono ninyamaze. "Hapo ni mimi," alisema, na akaeleza mwenyewe.

Jua lilipoanza kushuka, Njeru alituambia tukae, tule. Tukakaa. "Sijasema nimewasamehe," akasema akigawa ndengu. "Msiende mkisema Njeru amesamehe. Nitawaambia ikifika. Lakini Jumapili mje kanisani kwetu. Huko kuna watu wengi walioniona nikiacha kusoma. Muwaambie na wao."

Nilimeza kile kilichokuwa mdomoni. Kanisa zima. Nikamgeukia Meneja, nikitumaini, najua si vizuri, kwamba atataja ugonjwa wake na ule umbali. Alikuwa anapuliza ndengu kwenye kijiko ili zipoe.

"Ibada inaanza saa ngapi?" akauliza.